Swali Nililomuuliza Baba Mdogo

Watu wa mji wetu wa Bunia wamenitukana kwa lugha nyingi, na kila tusi nililielewa. Nimeitwa msaliti sokoni, nimeitwa mchawi mbele ya mlango wa kanisa, na ndani ya bunge la jimbo mwenzangu mmoja aliwahi kusema kwamba mtu kama mimi angefaa kukaa makaburini na wale marehemu ninaowapenda kuliko wapiga kura. Sisemi haya ili nihurumiwe. Huruma sikuipenda hata nilipokuwa mtoto. Nasema ili ieleweke tangu mwanzo kwamba historia kwangu mimi ilikuwa ugomvi kutoka siku ya kwanza, na siasa niliyoifanya baadaye ilikuwa ugomvi uleule, ila sasa ulikuwa umetolewa nje ya nyumba na kuwekwa barabarani.

Nilizaliwa kwenye kilima kimoja kati ya Bunia na ziwa, upande wa njia inayoteremka Kasenyi. Majina ya makabila sitayaandika. Msomaji wa kwetu anayajua, na anayesoma akiwa mbali hatapungukiwa kitu nikisema tu kwamba sisi tuliitwa watu wa ng'ombe, na majirani wetu waliitwa watu wa jembe, ingawa sisi pia tulilima na wao pia walifuga. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi ambayo haikauki hata mwezi wa kwanza, wakati majani yote yanapogeuka rangi ya vumbi. Kila kitu kilichotupata kilitokana na maji hayo.

Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa maneno machache. Mdogo wake, baba mdogo wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Jumapili baada ya misa wageni walikuja kwetu kunywa maziwa na pombe ya mtama, naye aliwasimulia jinsi babu yetu alivyofika pale. Nilikuwa mtoto wa kukaa karibu na mlango na kusikiliza, na nikaanza kugundua jambo. Padri akiwepo, babu alifika akakuta kilima kitupu, akachimba mwenyewe mpaka maji yakatoka, kama Musa na mwamba wake. Wakiwepo majirani wa jembe, babu alifika amechoka, ng'ombe wanakufa kwa kiu, na mwanamke mmoja wa kwao aliyekuwa akilima akamwonyesha maji, naye babu akampa mtamba kama shukrani. Wakija watu wa chifu, babu alipewa kilima na Mzungu, mbele ya mashahidi, kikawa chake na cha uzao wake.

Siku moja, wageni wakiwa wamekaa, nilimwuliza.

"Baba mudogo, ile maji, babu aliichimba ao yule mama alimuonyesha?"

Baba alinitazama kwa jicho la kunifukuza. Baba mdogo alicheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni.

"Weye iko na masikio mubaya," aliniambia. "Batoto bengine banasikia, banasahau. Weye unasikia, unaweka."

Wageni walicheka pamoja naye, na mimi nikatumwa kuokota kuni. Lakini nilikwenda kuokota kuni nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa nimegundua kwamba hadithi ya zamani inabadilika kulingana na nani amekaa kwenye kiti, na kwamba mtu akikutwa katikati ya mabadiliko hayo anakasirika. Wengine huanza kupenda historia kwa sababu ya wafalme na vita. Mimi niliipenda kwa sababu ya uso wa baba mdogo wakati ule.

Nilisoma ualimu hapahapa Bunia, tawi la historia. Nikaolewa, nikapata watoto. Vita vikaja. Vita sitavisimulia, maana wapo wanaovisimulia kila siku na kila mmoja ana hesabu yake ya maiti wa upande wake tu. Nitasema kwamba baba yangu hakuvimaliza, kwamba kilima chetu kilibaki bila mtu wala mnyama, na kwamba tulipoanza kuitwa tena kazini nilikuwa nakaa mtaa wa Nyakasanza, katika parseli ndogo, kiwanja chenye nyumba ya mabati, nikifundisha historia katika shule moja ya sekondari.

Hiyo ndiyo amani tuliyopewa. Magari meupe ya walinda amani yalipita barabara kuu yakitupulizia vumbi. Soko lilifunguliwa, lakini mama wa upande huu hakununua mchicha kwa mama wa upande ule ila akiwa amekosa kabisa. Darasani kwangu wanafunzi wenyewe walijigawa: watoto wa jembe karibu na madirisha, watoto wa ng'ombe karibu na ukuta, na katikati njia ambayo hakuna aliyeipitia bila sababu. Mtu akidondosha kalamu upande usio wake, aliiacha.

Mimi nilichukia ile njia. Kila asubuhi niliiona, na kila asubuhi hasira ilinipanda kama asidi kifuani. Basi nikawapa kazi. Niliwaambia: nendeni nyumbani mkawaulize watu wawili wasiopatana, nani alikaa kwenye parseli yenu kabla yenu, na aliondokaje. Mje na majibu yote mawili. Sitaki jibu moja.

Walirudi wakiwa wamewaka. Msichana mmoja aliambiwa na baba yake kwamba nyumba waliijenga wenyewe, kisha na shangazi yake kwamba waliikuta ikiwa na sufuria bado jikoni. Kijana mmoja alipigwa kibao kwa kuuliza tu. Kwa mara ya kwanza waliongea wakigeuka kutazamana, madirisha kwa ukuta, kwa sauti, kwa uchungu, na mimi nilisimama mbele nikiwaza: sasa ndiyo tunasoma.

Wazazi hawakuona hivyo. Kabla juma halijaisha, baba mmoja mfanyabiashara aliingia uani mwa shule na kikundi cha watu nyuma yake, wa pande zote mbili, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza.

"Iko wapi ule madamu wa istoria?" alipiga kelele. "Anafundisha batoto kuuza manyumba yetu! Kesho mutoto wangu ataenda kuita bale batu, atabaambia muye muchukue!"

"Kama nyumba ni yako," nilimjibu, "swali la mtoto linakutisha nini?"

Prefe, yaani mkuu wa shule, alinivuta mkono na kunifungia ofisini mpaka watu wakatawanyika. Alikuwa mtu mwoga mwenye suti nzuri.

"Madamu," aliniambia, "fundisha mapinduzi ya Wafaransa. Bale batu balikufa zamani, hakuna mwenye atakuya kututupia mawe juu yao."

"Na siye?"

"Siye tutaingia mu istoria kisha tumekufa. Sasa tuko bazima. Uache."

Nikakatazwa kutoa kazi za namna ile. Nilirudi darasani, nikafundisha Wafaransa, na ile njia ya katikati ikarudi mahali pake. Hapo ndipo nilipoingia siasa. Wengine wanaandika kwamba waliitwa na wananchi, au na Mungu. Mimi niliingia kwa hasira dhidi ya prefe mmoja.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mkubwa wa chama kimoja cha watu wetu, mfanyabiashara mwenye tumbo na sauti ya upole. Alikuja nyumbani Nyakasanza, akakaa kwenye kiti kizuri tulichokuwa nacho, akakataa chai.

"Nimesikia unajua mambo ya zamani," alisema. "Bale bengine bako na batu benye kusoma, benye kusema mu redio kwamba balitutangulia. Siye hatuna. Tunatafuta mutu wa kusimama na kuonyesha kama ile udongo ni yetu."

"Mimi sijui kama ni yetu."

Alitabasamu. "Utajua."

Nilimkubalia, kwa sharti moja kwamba hakuna atakayeniandikia hotuba. Alikubali haraka kupita kiasi. Nadhani alifikiri mwanamke akisimama jukwaani mbele ya watu wake atasema wanachotaka bila kuandikiwa.

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa kwenye uwanja wenye matope. Alinitambulisha kama mwalimu mkubwa wa historia anayekuja kusema nani wa kwanza. Watu walipiga makofi na vigelegele. Nikashika mikrofoni nikawauliza kuhusu bomba la maji la mtaa wao. Nani aliliweka? Lilifanya kazi mpaka lini? Nani alikuwa na ufunguo lilipofungwa, na baada yake nani? Mwanzoni walinung'unika. Kisha mama mmoja nyuma akapaza sauti kwamba bomba halikuvunjwa na vita hata kidogo, lilikuwa limekwisha kufa kabla, na wenye ufunguo walikuwa watu wetu wenyewe, fulani na fulani. Mwingine akampinga. Baada ya muda uwanja mzima ulikuwa unabishana juu ya bomba, na wale fulani na fulani walikuwa wanatafuta njia ya kutoka.

Mkubwa wa chama alinifokea ndani ya gari. "Nilikuita kuya kupiganisha batu na bale bengine. Weye unabapiganisha bo kwa bo!"

Lakini akina mama wa mtaa ule walinipigia kura, na mitaa mingine pia, maana kila nilipokwenda niliuliza historia ya daraja lao, ya zahanati yao, ya kisima chao, na kila mahali palikuwa na mtu aliyekuwa akingoja kwa miaka aulizwe. Nilichaguliwa. Nikawa depite, mbunge wa jimbo, naye mkubwa wa chama akanipongeza mbele ya watu kwa mkono baridi kama samaki.

Bungeni hawakunipenda. Niliposimama kusema, waliguna kabla sijafungua mdomo. Waliniita Mama Zamani. Waziri akileta mpango wa barabara, mimi niliuliza mpango wa barabara ileile uliopitishwa kabla uliishia wapi, na nani aliupokea. Hawakuweza kunivumilia. Mmoja aliniambia koridoni, kwa heshima ya dhihaka, "Onorable, batu banakulaka na leo, habakulake na jana." Nilimwambia kwamba yeye amekula jana na leo pamoja, na kesho ya wanawe pia. Tangu hapo hatukusalimiana.

Kisha likaja jambo la kilima chetu.

Watu walikuwa wanaanza kurudi. Wa ng'ombe walirudi kutoka mjini, wa jembe walirudi kutoka kambi za wakimbizi, na wote wakakutana kwenye chemchemi. Ng'ombe mmoja alikutwa amekatwa miguu ya nyuma. Shamba la mahindi likachomwa. Kila upande ulikuwa na vijana wenye mapanga waliosema wanalinda tu. Bunge likaunda tume ndogo iende kusikiliza, na mimi nikawekwa ndani yake. Mkubwa wa chama alipiga kelele mpaka nikawekwa. Aliamini kwamba kwenye kilima changu mwenyewe, mbele ya damu yangu, nitajua hatimaye udongo ni wa nani.

Tulikaa katika shule ya msingi iliyobaki bila milango. Mkuu wa tume alikuwa mwanasheria mzee wa upande wa Aru, mtu asiye na ndugu katika ugomvi ule, na ndiyo sababu walimchagua. Watu wa jembe walijaa upande mmoja, watu wetu upande mwingine, wengine juu ya madirisha, wanajeshi nje chini ya jua. Hakukuwa na upepo. Niliona nyuso nilizozijua tangu utoto zikinitazama kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani.

Shahidi wa kwanza wa upande wetu alikuwa baba mdogo.

Alikuwa amezeeka. Alivaa koti la baba yangu, nililitambua kwa mfuko wake uliochanika, na alitembea akiegemea fimbo ya ng'ombe. Aliponipita hakunisalimu, lakini alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwanawe: angalia sasa. Akasimulia. Ilikuwa ile hadithi ya Jumapili za padri. Kilima kitupu, babu, jasho, maji yakatoka. Aliisema vizuri kuliko zamani. Mama zetu walilia. Aliongeza kwamba watu wa jembe waliletwa baadaye kuja kuwa vibarua, na kwamba kabla ya hapo mguu wao haukuwahi kukanyaga pale.

Mkuu wa tume akauliza kama kuna mjumbe mwenye swali.

Nilijua ninachokwenda kufanya. Nimesoma baadaye watu wakiandika kwamba nilijisahau, kwamba nilichanganyikiwa na joto. Sikuchanganyikiwa. Nilisimama.

"Baba mudogo," nilisema.

"Mwite shahidi," mkuu wa tume alinikatiza.

"Shahidi. Nilipokuwa mtoto, majirani hawa walikuwa wanakuja kunywa maziwa kwetu Jumapili. Uliwaambia nini kuhusu mwanamke aliyekuwa akilima?"

Niliona mkono wake ukikaza fimbo.

"Uliwaambia kwamba babu alifika na kiu, na yeye ndiye aliyemwonyesha maji. Ukasema babu alimpa mtamba. Sikukusikia mara moja tu. Nilikusikia kwa miaka. Hapa wapo wazee wa pande zote mbili waliokusikia. Ukweli ni upi?"

Mzee mmoja wa jembe akasimama kabla hajaulizwa. "Alisema vile! Ni mimi mwenye nilikuwa nakunywa ile maziwa!"

Chumba kikavunjika. Watu wetu walipiga kelele, watu wa jembe walishangilia, mtu alirusha kiatu. Katikati ya kelele baba mdogo alininyooshea fimbo.

"Nani alikukulisha?" aliuliza. "Weye! Nani alikukulisha? Maziwa yangu! Ulikunywa maziwa yangu ukaenda kusoma, sasa unakuya kuniuzisha mbele ya bale batu!"

"Nauliza tu, baba."

"Usiniite baba! Baba yako alikufa. Bale ndio balimuua, na weye unabapa maji yake!"

Maneno yale yalinipiga, sikatai. Nilishika dawati. Watu wa jembe walikuwa wakiimba jina langu sasa, na hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote, kwa sababu walikuwa wakifikiri nimekuja upande wao.

Mkuu wa tume alipofanikiwa kunyamazisha watu, akaita shahidi wao. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu safi, shati jeupe. Yeye akasema kwamba kilima kilikuwa cha wahenga wake tangu Mungu aumbe dunia, na kwamba hakuna ng'ombe aliyewahi kunywa pale kabla Wazungu hawajaja na kuwasimika wafugaji juu yao kwa nguvu.

Nikasimama tena. Watu wa jembe wakapiga makofi.

"Mwalimu," nilimwuliza, "pale chini, mahali maji yanapotoka kwenye mawe kuingia bondeni, ninyi mnapaitaje kwa lugha yenu?"

Alinitazama. Alijua mara moja. Nilimwona akijua.

"Ni jina tu."

"Litaje."

Akalitaja kwa sauti ndogo.

"Sasa litafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya mkuu wa tume."

Ilibidi mjumbe mwingine wa kwao alitafsiri, huku akiangalia sakafu: Wanapokunywa Ng'ombe.

"Hilo jina ni la zamani?"

"Ni ya zamani," alisema mwalimu wa kwaya. "Ya babu za babu." Kisha, kama mtu aliyeuma ulimi, akageukia watu wake. "Lakini huyu mwanamuke anatutega! Ni mutoto wa bale! Alifundishwa na bale!"

Siku ile pande mbili zilizokuwa zimeshindwa kukubaliana juu ya maji, njia, mipaka na wafu, zilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba mimi ni mtu mbaya. Tulitoka tukiwa katikati ya wanajeshi. Mawe yaliyogonga gari letu yalitoka kushoto na kulia. Kioo cha upande wangu kilipasuka, na mkuu wa tume, akiwa na vipande vya kioo kwenye mapaja yake, alinigeukia akasema kwa sauti ya kuchoka:

"Onorable, ungeweza kuuliza hayo maswali kwa faragha."

"Faraghani wangejibu kweli," nilimwambia. "Kisha mbele ya watu wangesema uongo. Wamefanya hivyo tangu nizaliwe."

Hakuniongelesha tena mpaka Bunia.

Tume iliandika kwamba maji ni ya pande zote mbili, na kwamba soko la zamani lifunguliwe tena karibu nayo ili watu wawe na sababu ya kukutana. Serikali ya jimbo ilikubali nusu, kama kawaida yake. Chemchemi waliiacha bila maelezo, wakafungua soko. Mkubwa wa chama alinisubiri nje ya bunge, safari hii bila upole.

"Nilikuokota kama mbuzi, nikakulisha, nikakufikisha hapa," alisema.

"Ulitaka mtu anayejua historia."

"Nilitaka yetu!"

"Hiyo ndiyo yetu."

Akatema mate karibu na viatu vyangu. Chama kikanifukuza kwa tangazo la redio. Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati yangu jioni, tukiwa tunakula. Nilipeleka watoto Boga kwa ndugu za mume wangu, na mume wangu akabaki nami, akisafisha ua kila asubuhi bila kusema neno, jambo lililonichoma kuliko kama angenilaumu. Uchaguzi uliofuata nilisimama peke yangu, bila chama. Nilishindwa vibaya. Kwenye kilima nilikozaliwa hakuna aliyenipa kura, si wa ng'ombe, si wa jembe.

Wanafunzi wananiuliza, maana nimerudi kufundisha, kama historia iliniharibia siasa. Nawaambia kwamba wanauliza kinyume. Bila historia nisingekuwa na siasa yoyote. Ningekuwa mtu wa kupiga makofi. Nilikwenda bungeni na ujuzi mmoja tu, wa kumsikia mtu anapobadilisha hadithi, na niliutumia mpaka wakanitoa. Wanaotaka mwanasiasa wa kupendwa watafute mwingine. Wapo wengi, na barabara zetu zinaonyesha.

Baba mdogo aliugua mwaka uliofuata. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, na aliponisikia mlangoni akageuka ukutani. Nilikaa. Nilimwambia habari za watoto, za Boga, za bei ya samaki wa Kasenyi. Mgongo wake haukusogea. Mama mdogo, mke wake, aliingia akaniambia:

"Wende. Unamuchokesha."

Akafa kabla ya Pasaka. Kwenye matanga familia iliamua kwamba mimi sitasema neno, na kaka yangu alikuja kuniambia hivyo akiwa na aibu. Nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba nikimenya mihogo. Hakuna aliyekaa mkeka mmoja na mimi. Kijisu changu kilikuwa butu, na niliyemwomba jiwe la kunolea alinijibu kwamba hajui lilipo, nalo lilikuwa miguuni pake.

Mchana, kelele zikatoka upande wa njia. Watu wa jembe walikuwa wamekuja, wanaume na wanawake, wakiwa wamebeba unga na kuku na pombe, kama majirani wanavyokuja kwenye msiba. Mbele yao alikuwa yule mzee aliyesimama kwenye tume. Vijana wetu waliwazuia getini.

"Murudi!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mulimuua na maneno yenu, sasa munakuya kumulia?"

"Tumekuya kulilia muntu mwenye alitupatia maziwa," mzee alijibu. Sauti yake ilitetemeka, sijui kwa uzee au kwa hasira. "Tumetembea. Hatuwezi kurudi na huu unga."

Mapanga yalikuwepo, nyuma ya migongo, kila mtu aliyajua. Nilisimama. Kaka yangu akanishika bega akanikalisha chini kwa nguvu. "Usifungue kinywa," alininong'oneza. "Nakuomba, leo usifungue."

Sikufungua. Mama mdogo ndiye aliyekwenda. Alikuwa mwanamke mnene, asiyependa kutembea, na kikwembe alichojifunga kwa msiba kiliburuta vumbini. Aliwapita vijana bila kuwagusa, akamtazama mzee yule muda mrefu, kutoka miguuni mpaka kichwani, kwa chuki ambayo hakujaribu kuificha.

"Alikuwa anasema mulimuibia ngombe," alimwambia.

"Na siye tulikuwa tunasema alituibia maji," mzee akajibu.

"Muliiba."

"Na yeye aliiba."

Walitazamana. Kisha mama mdogo akageuka, akatafuta mtu wa kumtuma, na macho yake yakanikuta mimi kwenye mihogo.

"Weye," alisema. "Lete viti."

Nilileta viti. Havikutosha, na wengi wao walikaa chini, upande wa mbali wa ua, wakipakata unga wao. Hakuna aliyewaletea maji kwa muda mrefu, mpaka nilipoyaleta mwenyewe, na yule mzee alinipokonya kikombe bila kunishukuru. Tulimzika baba mdogo hivyo, wao upande wao na sisi upande wetu. Wakati wa kufukia, wanaume wa jembe walichukua makoleo bila kuombwa, na wetu wakagoma kuyaacha, basi wakafukia wote pamoja wakisukumana, udongo ukiruka kila mahali, mpaka padri akawakemea.